Kadi Inatafuta Mwenzake

Kwanza kilisikika kicheko. Kilikuja vipandevipande, kikikatika na kurudi, kama mtu anayecheka ndani ya debe huku mwingine akilifunika na kulifunua. Nyamhanga alizibana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili, akatega. Mbele yake skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Nyamhanga. We Nyamhanga, uko wapi? Mimi nishavuka daraja."

"Niko nyuma yako."

"Nyuma yangu ipi? Huku nyuma naona lori moja limelala mtaroni, matairi juu. Si lako hilo?"

Ndipo picha ikaja. Ilikuja kwa kuchelewa na kwa aibu, vipande vya barabara vikijiunga kimoja baada ya kingine, mpaka akaliona lori lake jekundu limepinduka, matairi yanazunguka hewani kama miguu ya mende. Mbele kabisa, taa mbili za nyuma za lori la Yunis zilikuwa zinapotelea kwenye kona.

"Kompyuta imeganda," Nyamhanga alisema.

"Inagandaga kila siku, hiyo. Wewe sema ulisinzia."

"Mimi sisinziagi kwenye usukani."

"Basi lori ndilo lilisinzia. Lilale pema."

Yunis akacheka tena, na safari hii kicheko kilifika kizima, tangu mwanzo mpaka mwisho, na Nyamhanga akafumba macho ili asikipoteze.

Gemu yenyewe haikuwa na bunduki wala mashetani. Ilikuwa gemu ya malori. Unapakia mzigo bandarini, unaendesha, unafika. Wengine huona huo ni ujinga, mtu kukaa kwenye kiti Bunda akijisumbua kupeleka saruji kwenye mji usiokuwepo duniani. Lakini wawili wakiingia barabara moja wanaweza kufuatana, lori kwa lori, wakizungumza njia nzima, na kwa Nyamhanga na Yunis hapakuwa na barabara nyingine iliyobaki ya kukutana.

Barabara waliyoipenda ilianzia bandarini na kuishia juu ya mlima. Yunis alikuwa amefika juu mara nyingi. Nyamhanga alikuwa hajafika. Kompyuta yake ilikuwa ikifa njiani, mara darajani, mara msituni, mara kwenye ile kona ya mwisho ambapo mawe na ukungu na miti vinaongezeka na picha inashindwa kubeba. Yunis ndiye aliyekuwa akimsimulia. Unafika juu, anasema, halafu kunakucha. Ukungu unafunguka. Chini unaona ziwa, kubwa, limetulia, na huwezi kusema kwamba siyo la Musoma.

Na Nyamhanga alikuwa ameapa ndani ya nafsi yake kwamba siku atakayofika pale juu, lori lake likiwa limesimama ubavuni mwa lori la Yunis, ndipo atakapomwambia. Si kabla. Angewezaje kumwambia mwanamke kwamba anataka kuishi naye, huku matairi yake yako juu mtaroni? Huyo alikuwa Nyamhanga. Alikuwa na kiburi kilichozidi kimo chake, na kimo chenyewe hakikuwa haba.

Walijuana Musoma, kwenye chumba cha gemu cha Leonardi, jirani na soko. Yunis alikuwa akisomea kazi ya maabara. Akimaliza vipindi anakuja anakaa mashine ya dirishani, anawafunga wanaume mmoja mmoja, kisha anaondoka bila kujisifu, jambo lililowauma zaidi. Nyamhanga alikuwa fundi wa pale. Alihamishia kiti chake mashine ya pili kutoka dirishani na kusema ile ya zamani ina kasoro. Haikuwa na kasoro yoyote. Meza ilikuwa nyembamba, kiwiko cha Yunis na kiwiko chake viligombania nafasi, na baada ya muda hakuna aliyekiondoa chake.

Kisha Leonardi akafunga chumba. Yunis akapata kazi Buhemba, kwenye maabara ya watu wanaopima mawe ya dhahabu: unaletewa jiwe lililosagwa, unamwambia mwenye nalo kama ana mali au ana vumbi. Nyamhanga akarudi Bunda, Manyamanyama, kwa shangazi yake Matrida, akafungua ufundi wa kompyuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile. Buhemba na Bunda si mbali. Lakini kila walipopanga kuonana, mara zamu ya Yunis ilibadilika, mara Nyamhanga alitaka kwanza apate shati, apate pikipiki, apate sura ya mtu aliyefanikiwa. Wakabaki na sauti. Kuna jioni Nyamhanga alipokuwa akimkumbuka mpaka mkono wake wa kushoto ukahisi baridi upande ule ambao kiwiko kilikuwa kikikaa.

Ndipo Leonardi alipompa kadi.

Ilikuwa kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zionekane. Ilikuwa nzito kama tofali, ina feni mbili. Leonardi alikuwa ameibakiza kutoka chumba cha gemu, akampa Nyamhanga kama asante ya kazi za nyuma. Nyamhanga hakumwambia Yunis. Alitaka siku moja tu amtokee barabarani, safi, bila kuganda, ampite kwenye daraja na kumpigia honi. Alimpigia simu, akasema, "Siku hizi mbili tatu sitaingia barabarani. Kuna jambo naliandaa."

"Jambo gani?"

"Usiniulize. Utashangaa."

"Haya," Yunis alisema, "mimi kushangaa napendaga."

Nyamhanga akaifunga kadi ndani ya kompyuta. Feni zikavuma, chumba kikajaa upepo, na Nyamhanga akaingia barabarani peke yake kuijaribu. Lori likaganda palepale darajani.

Alikaa akiitazama skrini kwa hasira ya mtu aliyedanganywa na ndugu. Kisha akafungua ule ukurasa unaoonyesha nani ndani ya kompyuta anafanya kazi na nani amekaa. Hapo akaelewa. Prosesa ndiyo inayofikiri: lori liko wapi, mzigo una uzito gani, tairi hili limekanyaga jiwe au matope. Ikishafikiri inaipa kadi, na kadi inachora. Prosesa yake ilikuwa ya kompyuta kuukuu ya ofisi, iliyozoea kuandika barua. Ilikuwa inahema, imefika mwisho wa nguvu zake, na pembeni kadi ile kubwa, hodari, yenye mkono mwepesi, imekaa tu kalamu mkononi, inangoja kuambiwa ichore nini.

Nyamhanga aliionea huruma kadi. Alijua kukaa hivyo kunavyouma.

Jumamosi akatoka barazani, akampigia Leonardi. Sasa, ni lazima ieleweke jinsi watu wa huku wanavyozungumza. Kiswahili chetu tulikipokea ukubwani, juu ya lugha za nyumbani, na zile ngeli ambazo walimu walitutandikia hazikuingia zote. Tena mafundi ndio wabaya zaidi. Kwa fundi wa Bunda, mashine ni mtu: huyu mgonjwa, yule amechoka, mwingine kafa jana. Na Nyamhanga, simu sikioni, alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Kadi ninayo tayari, kaka," alisema. "Tena kadi ya maana, mtu akiiona atanyamaza. Shida ni kumpata wa kuendana nayo tu." Akasikiliza. "Hapana, huyu wa zamani nimemchoka. Ananirudisha nyuma. Kila nikitaka kwenda mbele ananigandia." Akasikiliza. "Nataka wa kizazi hiki cha karibuni. Mwepesi. Asiyepata joto kwa jambo dogo." Akasikiliza tena, akatabasamu. "Musoma wapo wengi? Basi Jumatano nakuja niwaone kwa macho, nichague."

Nyuma yake, mlangoni, Shangazi Matrida alikuwa na ungo wa dagaa mapajani. Mikono yake ilisimama.

Hapa Tanzania nzima, ukisema kadi bila kuongeza neno, mtu mzima hafikirii kompyuta. Anafikiria harusi. Anafikiria ile kadi yenye utepe inayokujia mlangoni ikiwa na jina lako, singo au dabo, na kamati nyuma yake. Shangazi Matrida alikuwa ameombea jambo hilo kwenye jumuiya yao ya Kikatoliki kila wiki ilipofika zamu yake ya kuomba, na leo analisikia kwa masikio yake, ingawa limekuja kichwa chini: kijana kachapa kadi, bibi harusi bado.

"Baba," aliuliza taratibu, "kuna jambo?"

"Lipo, shangazi. Likikaa sawa utaliona mwenyewe."

Laiti angeongeza maneno mawili tu. Lakini Nyamhanga hakuwa mtu wa kueleza mipango yake kwa mwenye ungo. Akaingia ndani.

Jumapili hiyo Yunis hakuingia barabarani. Jumatatu hakuingia. Nyamhanga alimtumia ujumbe: Vipi, umelala? Tiki mbili zikageuka bluu, jibu lisije. Jumanne alipiga simu, ikaita mpaka ikakoma. Akajiambia ni zamu za maabara. Akajiambia ni mtandao wa Buhemba. Akajiambia mengi, na hakuna hata moja lililomtoshea.

Jumatano akaenda Musoma.

Siku hizi Leonardi alikuwa akiuza kompyuta zilizotumika, kwenye duka lenye ukubwa wa kabati. Prosesa alizihifadhi kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake, amezifunika kwa kitambaa cha flana.

"Haya, dogo," alisema akifunua. "Chagua yai."

Mkono wa Nyamhanga ulikwenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote. "Huyu nani?"

"Huyo alikuwa kwenye mashine kubwa ya ofisi fulani. Ana kori kumi na mbili, yaani akili kumi na mbili."

"Namtaka."

"Umempendea umbo. Huyo ndani yake kuna watu wengi, ila wanatembea kwa kikao. Gemu yako ya malori inataka mmoja mwenye mbio, sio kumi na mbili wa kupiga kura. Halafu kwenye ubao wa mashine yako hakai, miguu yake ni mingine."

"Na huyu?"

"Huyo mpya. Huyo akiingia kwako atadai ubao mpya, na ramu mpya, nyumba yote ivunjwe ijengwe upya. Hapo hujanunua prosesa, dogo. Hapo umeoa."

Mteja mmoja mlangoni alicheka. Nyamhanga alimtazama mpaka akaacha.

"Mimi sitaki kitu cha wastani, Leonardi. Kadi yenyewe umeiona."

"Nani kakwambia wastani? Nimekwambia kuendana."

Nyamhanga alisimama juu ya ile trei. Kiburi chake chote kilikuwa kwenye vidole, kinamvuta kwenye kubwa, kwenye jipya, kwenye lile ambalo akilitaja jina lake mafundi wa Bunda wangekaa kimya. Hapo akakumbuka shamba la pamba la baba yake kule Kabasa, na msimu ule walipomfunga dume jeusi, fahari ya ukoo, pamoja na ng'ombe mdogo mwekundu. Jembe lilikwenda upande asubuhi nzima. Dume lilivuta, dogo likaburutwa, na mstari ukapinda kama nyoka. Baba alimfungua dume, si yule mdogo. Watu wakamshangaa. Mwaka ule waliolima ni ng'ombe wawili ambao hakuna aliyewasifia, lakini hatua zao zilikuwa moja.

Alitaka kumuuliza Yunis. Hilo ndilo lililomkata maini. Mambo ya namna hii ndiyo waliyokuwa wakiyajadili mpaka bando linaisha. Yunis alikuwa na kichwa cha vipimo, angeuliza maswali matatu na jibu lingejitokeza lenyewe. Alishika simu, akaiweka mdomoni, akaanza kurekodi. "Yunis, niko kwa Leonardi..." Akasikia sauti yake inaomba. Akaifuta.

"Nipe huyu," alisema. Alikuwa ameshika prosesa ya kizazi cha sita, yenye kori nne, ndogo, isiyong'aa. "Kori chache, ila zina mbio. Atakaa kwenye ubao wangu bila kuvunja kitu. Kadi itakuwa na mtu wa kuzungumza naye."

Leonardi aliinua nyusi. "Nilijua utachukua kubwa ili utukomeshe."

"Na mimi nilijua hivyo," Nyamhanga alisema.

Jioni ile ile aliifunga. Alipaka grisi ya kupozea, tone dogo katikati, akaibana feni juu yake, akawasha. Hata kabla ya kuingia barabarani alijua, kwa jinsi kadi ilivyobadilisha sauti, kutoka kuvuma bure mpaka kuvuma kwa kazi.

Bandari ilifunguka mbele yake kwa mkupuo mmoja. Aliona kamba za meli. Aliona kutu. Akapakia saruji, akaondoka. Akavuka daraja bila kukwama, akapita msituni na kila jani lilikuwa na kivuli chake. Kwenye kona ya mwisho alishika usukani kwa nguvu, akingoja pigo. Pigo halikuja. Lori lilipanda, likapanda, na juu kabisa ukungu ukafunguka kama Yunis alivyosema, na chini yake kulikuwa na ziwa, na kulikuwa kunakucha.

Akasimamisha lori. Akaangalia kioo cha pembeni. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu mpaka baharini.

Kumbe alichokuwa akikitamani hakikuwa mlima. Alikaa pale, na hedifoni masikioni hazikuwa na kitu ila ule upepo wa kuigiza, na akashindwa kuzima mashine, kwa kuwa kuizima kungekuwa kama kumwacha mtu njiani.

Jumapili, baada ya misa, Shangazi Matrida aliingia chumba cha ufundi akiwa na kina mama wawili wa jumuiya. Walikuwa wamevaa vitenge vya sare. Walikaa bila kukaribishwa.

"Baba," Matrida alianza, "sisi hatuna haraka. Ila kamati haiwezi kukaa bila kujua jina. Hizo kadi tuzione basi. Umeandika nani upande wa mwanamke, au umeacha nafasi?"

Nyamhanga alishusha bisibisi. "Kadi zipi, shangazi?"

"Za harusi. Ulizokuwa ukimwambia yule rafiki yako. Kwamba unazo, unamtafuta wa kuendana nazo. Tena ukasema wa zamani umemchoka." Alishusha sauti. "Hilo la mwisho sikulipenda, lakini nikasema ni ujana."

Mmoja wa kina mama alitikisa kichwa kukubali kwamba ni ujana.

Nyamhanga hakucheka. Angecheka siku nyingine. Alisimama, akafungua kompyuta ubavuni, akaonyesha kile kipande chenye feni mbili kikiwa kimening'inia gizani mle ndani. "Hii ndiyo kadi."

Wale wanawake waliinama wakatazama kwa muda mrefu.

"Sasa hii," Matrida alisema mwishowe, "unamwalika nani nayo?"

"Shangazi. Umewaambia watu gani?"

"Nani nimwambie? Wa jumuiya tu. Na yule Grace wa Kabasa, tulikutana sokoni siku ileile ya Jumamosi. Alifurahi. Nilimwambia ufundi umekulipa, wa zamani anayekurudisha nyuma umemchoka, sasa unachagua mke Musoma."

Grace wa Kabasa alikuwa dada wa Yunis, tumbo moja, aliyeolewa kule.

Nyamhanga alitoka bila shati la kupendeza, bila pikipiki, na mafuta ya mashine kwenye kucha. Alipanda gari la Musoma, akashuka Makutano, akachukua bodaboda mpaka Butiama, kwa sababu Jumapili mchana Yunis huwa nyumbani kwao. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na kila alipoyapanga yalimwagika. Utashangaa. Alimwambia yule binti utashangaa, kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliwakuta nyuma ya nyumba, juu ya lile bapa la jiwe ambalo familia ilianikia udaga. Mama yake Yunis, Petronila, alikuwa akivunja vipande vya muhogo, na Yunis akivitandaza juani. Alikuwa amefunga kilemba, amepiga magoti. Nyamhanga alikuwa amesahau jinsi Yunis alivyokuwa na shingo ndefu. Miaka yote ile ya kumsikia, alikuwa amesahau kwamba ana shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Tumezisikia habari zako njema."

"Bwana harusi kaleta kadi mwenyewe," Yunis alisema bila kuinua kichwa. "Mimi unanipa singo au dabo?"

"Yunis, hakuna kadi."

"Ziliisha?"

"Hakuna harusi. Kadi ni ya kompyuta. Kadi ya picha. Leonardi alinipa, nikaona nitafute prosesa ya kuendana nayo, niache kugandaganda, nikufuate mpaka juu. Nilikuwa barazani naongea, shangazi akasikia. Ndilo jambo nililokuwa naliandaa. Hilo tu."

Mikono ya Yunis ilisimama juu ya muhogo. Alimtazama kwa mara ya kwanza, na Nyamhanga akaona kicheko kikianza kwenye kona ya mdomo, kikipanda, kisha kikigeuka njiani kuwa kitu kingine.

"Wa zamani uliyemchoka..."

"Prosesa."

"Anayekurudisha nyuma. Grace alinisimulia neno kwa neno. Nikajiuliza, mimi nimemrudisha nyuma wapi, mtu ambaye kila siku namsubiri darajani." Akajifuta uso kwa kiganja, unga mweupe wa muhogo ukabaki shavuni. "Umefika juu?"

"Nimefika. Jumatano. Hapana kitu kule."

"Kuna ziwa."

"Hapana kitu, Yunis."

Mama Petronila aliendelea kuvunja muhogo, polepole zaidi kuliko muhogo ulivyohitaji.

"Nilitaka nikwambie pale juu," Nyamhanga alisema. "Nilisema nikifika ubavuni mwako ndipo nitasema."

"Yaani ulisubiri kompyuta iwe nzuri, ili useme neno ambalo mdomo unatosha?"

Yunis alitandaza vipande vingine viwili vya muhogo.

"Naenda Chunya," Yunis alisema. "Alhamisi. Wanafungua maabara nyingine kule, wamenitaka mimi niiongoze. Waliniuliza mara ya kwanza nikakataa, wakaniuliza tena nikakataa, na sababu ya kukataa unaijua. Jumatatu iliyopita nikasaini."

Nyamhanga alipiga hatua moja mbele. "Futa. Waambie ulisaini kwa hasira."

"Nilisaini kwa hasira, kweli. Lakini sifuti." Alisema bila ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nimeshaiwaza siku hizi zote, nikaona kazi yenyewe naitaka. Nitakuwa mkubwa wa maabara, Nyamhanga. Mimi. Wewe ungekuwa wewe, ungefuta?"

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Akamwona jinsi alivyonyoosha mgongo alipolitamka lile neno, mimi, na akaufunga. Alijua hatua hiyo. Ilikuwa hatua yake mwenyewe, kama za wale ng'ombe wawili wa baba yake.

"Nisingefuta," alisema.

"Basi."

Upepo ulipita juu ya jiwe. Chunya iko upande wa pili wa nchi, mahali ambapo mtu hasemi nitapita kukusalimia. Yunis alichukua kipande cha muhogo, akakigeuza, akakirudisha palepale.

"Hilo neno lako," alisema, sauti imepungua, "usiniambie mimi. Mimi nilikuwa nalisikia kila jioni kwenye hedifoni, hata ulipokuwa unatukana breki. Wa kumwambia yuko pale."

Nyamhanga aligeuka. Mama Petronila naye alikuwa amesikia, na haraka akavuta kanga usoni, akageukia upande wa migomba, kwa maana mambo ya posa hayaletwi na kijana mwenyewe, tena mbele ya mama wa binti, tena akiwa amesimama. Huletwa na wazee, kwa kuzunguka, kwa kuzungumzia mvua na mifugo kwanza. Kijana anayeyasema kwa kinywa chake huonekana hana watu.

Nyamhanga alilijua hilo. Alisogea mpaka ukingoni mwa jiwe, mikono yenye grisi ameishikanisha nyuma, na alipoanza kusema hakuipandisha sauti.

"Mama, nisamehe, najua si mdomo wangu unaotakiwa hapa. Kabla pamba ya mwaka huu haijaanza kuchumwa, wazee wangu watakuwa wamekaa kwenu, na watalisema hili kama linavyosemwa. Jibu mtakalowapa, liwe la kunifungulia au la kunifungia mlango, sitamtumia Yunis kwa simu. Nitakwenda nalo Chunya mwenyewe, nisimame mbele yake, alisikie akiniona. Nakuahidi, mama."